Mwezi Mtupu: Mazungumzo na Wanaoanza Kupangisha Vyumba Mbeya

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Kamati ya chama chetu cha akiba na mikopo imeniomba nizungumze na wanachama wanaotaka kujenga vyumba vya kupangisha. Wengine mmekwisha kununua kiwanja, wengine bado mnazunguka na madalali huko Isyesye na Iwambi. Mimi ni mwalimu mstaafu, si mwanasheria wala mhasibu. Nilianza na vyumba viwili Ilomba mwaka 2004, leo ninavyo kumi na kimoja, vingine viko Iyunga karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Nitasema niliyoyaona.

Naomba nianze na ubao, maana wengi tunajenga kwanza halafu ndiyo tunapiga hesabu.

Tuseme una vyumba sita, kila kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi. Hiyo ni 360,000 kwa mwezi, na kwa mwaka 4,320,000. Hapo ndipo mtu anaposimama, anatabasamu, anakwenda kuchukua mkopo. Tuendelee. Wanafunzi wa Iyunga wanafunga chuo Julai, wanarudi mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Hata kwa wapangaji wasio wanafunzi, mmoja anahamishwa kikazi, mwingine anaoa anatafuta chumba na sebule. Weka miezi miwili tu mitupu kwa kila chumba: 720,000 imeondoka, imebaki 3,600,000. Toa kodi ya mapato ya pango asilimia 10, yaani 360,000. Toa matengenezo, tuseme 500,000, na aliyewahi kuzibua karo, lile shimo la maji machafu, Mbeya wakati wa masika anajua sijazidisha. Toa kodi ya jengo 18,000. Imebaki 2,722,000.

Kama vyumba hivyo pamoja na kiwanja vimekugharimu milioni 40, fedha yako inarudi baada ya miaka karibu 15. Sisemi usijenge. Nasema ujue ni miaka 15, siyo mitano aliyokuambia dalali. Na kabla hujachimba msingi, nenda kaulize hatifungani za serikali, yaani fedha unayoikopesha serikali ikulipe riba, zinalipa kiasi gani, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT inalipa kiasi gani, halafu ulinganishe. Ukiona bado unataka kujenga kwa sababu nyumba utawaachia watoto, hiyo ni sababu nzuri, lakini ijue kwamba ndiyo sababu yako.

Kuhusu mkopo, nitasema kwa kifupi kwa sababu namba inajieleza. Milioni 20 kwa riba ya asilimia 16, ukilipa kwa miaka mitano, rejesho lako ni kama 486,000 kwa mwezi. Vyumba sita vikiwa vimejaa vyote vinakupa 360,000. Mshahara wako ndio utakaolipa kilichobaki, na mwezi vikikaa vitupu ada ya mtoto inaingia humo. Waliojenga kidogo kidogo, tofali za kuchoma mwaka huu, kupaua mwaka ujao, wamelala usingizi kuliko waliokopa.

Sasa rudini kwenye ile miezi miwili mitupu, kwa sababu mazungumzo yangu yote yako hapo. Kupandisha kodi ya chumba kwa shilingi 5,000 kunakupa 60,000 kwa mwaka. Mpangaji akiondoka kwa sababu ya hiyo 5,000, na chumba kikakaa mwezi mmoja tu, umeipoteza yote 60,000. Kwa hiyo mimi najenga na kuendesha vyumba vyangu kwa swali moja: nini kitamfanya huyu mtu akae mwaka wa pili na wa tatu?

Huku kwetu jibu la kwanza ni baridi.

Ramani nyingi tunazonunua zimechorwa kwa ajili ya Dar es Salaam. Mtu anajenga Uyole, madirisha yanatazama kusini, bati halina siling, sakafu imemwagwa juu ya udongo bila nailoni. Juni ikifika, usiku bati linapoa, mvuke wa pumzi na wa kupikia unaganda juu, asubuhi unadondokea kitandani. Ukutani kunaota ukungu mweusi nyuma ya kabati. Mpangaji mwenye mtoto mchanga hakai humo. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo miezi ya baridi jua linapita upande wa kaskazini. Dirisha kubwa la chumba lielekee kaskazini, na jua la saa nne litaingia hadi kitandani bila kukugharimu hata senti. Kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, tandaza nailoni ngumu ili unyevu usipande. Weka siling hata ya bei nafuu. Mbao tunazo, zinatoka Mafinga mkoani Iringa, nunua zilizowekwa dawa ili usirudi kuezua baada ya miaka michache.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu si suala la fedha. Watu wetu wakisikia baridi wanaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mtu anasinzia na hashtuki. Mwaka 2011, Julai, niliitwa alfajiri Ilomba. Mama na binti yake wa miaka saba walikuwa ndani, jiko katikati, na nilikuwa nimeyaziba yale matundu ya hewa juu ya dirisha mimi mwenyewe, kwa sababu wapangaji walilalamika upepo. Jirani alisikia mtoto anakoroma vibaya, akavunja kitasa. Walipona wote wawili. Wiki ile ile nilimwita fundi akayafungua matundu yote, na nikajenga jiko la nje lenye paa ili watu wapike wakati wa mvua. Tangu siku hiyo, mpangaji mpya kwangu haoneshwi chumba kabla sijamwambia habari ya mkaa, na imeandikwa kwenye mkataba. Ukijenga Mbeya, Iringa au Njombe bila matundu ya hewa na bila mahali pa kupikia nje ya chumba, tafadhali usipangishe kwanza.

Jambo la pili linalofukuza wapangaji ni umeme.

Mita moja, vyumba sita, na kila Jumamosi ugomvi: nani ana pasi, nani analala na taa, nani hajachanga. Lakini kuna hasara nyingine ambayo wenye nyumba wengi hawaioni. TANESCO wana kundi la watumiaji wadogo wa majumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukizidi unahamia kundi la shilingi 292. Vyumba sita vikitumia uniti 20 kila kimoja ni uniti 120. Kwenye mita moja wanalipa 35,040. Kila mmoja akiwa na mita yake wangelipa 2,000 kila chumba, yote 12,000. Yaani watu wenye kipato kidogo, wanaotumia balbu na redio, wanalipa bei ya mwenye friji na hita kwa sababu sisi tuliwakusanya kwenye mita moja. Zile mita ndogo za ndani zinazuia ugomvi, ndiyo, lakini hazishushi bei, maana nyuma yake mita ya TANESCO bado ni moja. Anza na mita mbili kama huwezi sita. Mpangaji anayenunua tokeni yake mwenyewe hana sababu ya kukugongea usiku.

Ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni kodi yako mwenye nyumba. Anayenunua tokeni ni mpangaji. Mrudishie kwenye kodi ya pango. Ni 18,000 kwa mwaka, na utashangaa heshima inayoinunua. Mkiwa na mita zaidi ya moja kwenye jengo moja, kaangalieni isikatwe mara mbili mbili, na kama inakatwa pelekeni taarifa TRA, Mamlaka ya Mapato.

Mkataba. Uandike hata kama mpangaji ni mtoto wa dada yako. Jina na namba ya kitambulisho cha taifa, kiasi, tarehe, nani anatengeneza nini, notisi ya muda gani, hali ya chumba siku anaingia, na picha mpige pamoja kwa simu. Nakala mbili. Kisha mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa ajulikane.

Zamani nilidai kodi ya mwaka mzima. Niliacha. Fedha ya mwaka ikija Januari inaliwa na ada Januari hiyo hiyo, Machi paa likivuja huna kitu na mpangaji ana haki ya kukudai. Pia unawakosa watu wazuri wasioweza kutoa laki saba kwa mkupuo: nesi anayeanza kazi, fundi cherehani wa Mwanjelwa. Sasa napokea miezi mitatu mitatu. Kwa wanafunzi naandika mkataba wa mwaka wa masomo, na likizo wanalipa nusu ili nisiwapangishie wengine. Wengi wanakubali kwa sababu hawataki kubeba magodoro.

Kumtoa mpangaji ndiko tunakoharibu zaidi. Mwaka 2009 nilimfungia kijana mmoja chumba kwa kufuli langu, alikuwa na deni la miezi minne. Vitu vyake vilibaki ndani, pamoja na dawa zake. Nilijiona nina haki kwa sababu nyumba ni yangu. Nilikosea, na nililipa. Kufunga mlango, kung'oa bati, kukata umeme, hayo yanakugeuza wewe mdaiwa. Mpe notisi ya maandishi, mbele ya mjumbe. Likishindikana, nendeni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na siku 30 zikipita bila suluhu unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni safari ndefu. Ndiyo maana nasema mchague mpangaji taratibu, na mwenye deni la mwezi mmoja muite mzungumze mwezi huo huo, usisubiri wa nne.

Viwanja: fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi, hakikisheni mke au mume wa muuzaji amesaini, na pimeni umbali kutoka barabarani. Kwenye barabara kuu hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Hii njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi imetufundisha wote maana ya alama ya X ya kubomolewa ukutani.

Kuna mama pale nyuma ameniuliza wakati wa chai: ana milioni nane, ajenge vyumba viwili sasa au asubiri apate za vyumba vinne? Mama, mimi ningejenga viwili. Lakini chora ramani ya vinne leo, weka karo la kutosha vinne, acha mahali pa mita nne, na ukuta wa upande wa kaskazini usiuzibe na choo. Kaa na wapangaji wawili mwaka mzima. Mwaka huo utajua kama unaweza kugongewa mlango saa tano usiku kwa sababu ya koki, na kama bado unataka hivyo vingine viwili. Ukiwa tayari, njoo nyumbani na ramani yako Jumamosi yoyote, tutakaa nayo mezani.