Mche Mmoja, Kiriba Kimoja, Watu Themanini

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tunawajadili wafanyakazi wa makampuni wanaoacha ofisi siku moja kwenda kujitolea kutunza mazingira. Kaka Baraka hapa, tangu tunafunga vipaza sauti, ananung'unika tu.

BARAKA: Sinung'uniki, dada. Nauliza: kwa nini kila kampuni inataka kupanda miti? Kupanda ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mche unataka kupaliliwa, kumwagiliwa, kulindwa na mifugo, tena kwa miaka. Basi la kampuni linaondoka siku ileile saa tisa.

ZUHURA: Mpe msikilizaji mfano, asije akadhani una chuki na watu wa maofisini.

BARAKA: Sri Lanka. Baada ya tsunami ya 2004, watu walijitokeza kwa wingi kurudisha mikoko. Watafiti walikwenda kukagua maeneo 23 yaliyopandwa, wakachapisha matokeo 2017. Maeneo 9 hayakuwa na mche hata mmoja uliosalia.

ZUHURA: Hata mmoja? Tatizo nini?

BARAKA: Mengi, ila kubwa ni kupanda pasipofaa. Mkoko unastahimili maji kujaa na kupwa, haustahimili kuzama kutwa kucha. Ukiuchomeka kwenye tope la chini mno, unakosa hewa. Na tope lile ndilo linalopendwa, maana liko wazi, halina mgogoro na mtu, unawapanga watu mstari wanachomeka mpaka mchana.

ZUHURA: Nchi kavu nako kuna vituko. Kiriba! Mtu hajawahi kushika jembe, anapewa mche ndani ya kiriba cha nailoni, anautumbukiza shimoni na kiriba chake. Kwa juu unapendeza kweli. Chini mizizi inazunguka humohumo, inajisokota, mche unadumaa. Wala simlaumu aliyepanda. Msimamizi mmoja kapewa watu themanini, atamwangalia nani?

BARAKA: Na huyo msimamizi ameshaacha kazi zake siku kadhaa, anachimba mashimo, anatafuta majembe na glavu. Kampuni inaleta fulana na maji ya chupa za plastiki (za plastiki, jamani!), inaona imetoa msaada.

ZUHURA: Sasa usiwatishe, wasije wakabaki ofisini. Kazi za maana zipo. Chukua lantana, mmea vamizi uliotoka Amerika ya kitropiki ukasambazwa duniani kama ua la bustani. Ukiufyeka tu, unachipua. Unatakiwa uung'oe na mizizi, halafu urudi tena na tena, maana ndege wanakula matunda yake na kudondosha mbegu. Hapo watu arobaini wenye nguvu, kwa asubuhi moja, ni neema.

BARAKA: Hapo nakuunga mkono. Na kuhesabu. Lile zoezi la kimataifa la kusafisha fukwe lilianzia Texas mwaka 1986, na waliolianzisha hawakuishia kuokota. Waliandika kwenye kadi kila walichokikuta. Taka ikifika dampo habari yake imeisha, lakini orodha unaweza kuipeleka kwa mtunga sheria, ukamwonyesha ni bidhaa gani inayochafua.

ZUHURA: Halafu kuna wahasibu. Vikundi vya hifadhi vinahangaika na hesabu za mwaka, sisi tunawapa wahasibu majembe!

BARAKA: Lakini dada, mhasibu mwenyewe amechoka na hesabu, anatafuta jua na upepo.

ZUHURA: Haya, asubuhi lantana, jioni vitabu vya fedha.

BARAKA: Wewe uliyepewa jukumu la kuandaa siku hiyo, piga simu kabla hujachapisha fulana. Uliza wenyeji wanataka nini, mwezi gani, watu wangapi. Wakisema kumi, usipeleke mia. Afadhali kumi haohao wawe wanarudi kila msimu, watafahamu hata magugu yanaanzia wapi.

ZUHURA: Na wakijibu kwamba hawahitaji watu, wanahitaji hela ya kumlipa mtunza kitalu?

BARAKA: Tuma hela.

ZUHURA: Bosi atasema bajeti ni ya usafiri na chakula tu.

BARAKA: Basi mwambie hiyohiyo ya usafiri ndiyo itakayomlipa mtunza kitalu.