Chelo Ndani ya Ndoo

Leo nawaonyesha kurekodi wapigaji kwa maiki mbili tu, kwa hiyo kwanza zimeni feni. Haya, sasa mnasikia nini? Kunguru, mawimbi, bodaboda inapanda kutoka forodhani. Maiki nayo inasikia hivyo hivyo, na haina adabu ya kupuuza.

Wanaonijua hapa Bagamoyo wataguna: mzee na maiki zake mbili tena! Guneni tu. Niliwahi kurekodi watu wanne katika nyumba moja ya mawe hapa mjini: fidla mbili, viola (dada mkubwa wa fidla) na chelo, ile kubwa ya sauti nzito inayopigwa mtu amekaa. Nikatega maiki sita, kila chombo na yake, mbili juu, nikajiona fundi. Mpiga chelo akasikiliza, akaniuliza taratibu, "Kaka, huyu anayepiga chelo ndani ya ndoo ni nani?"

Alikuwa yeye. Sauti hupita mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila mita inakula karibu milisekunde tatu. Chelo yake iliingia kwenye maiki yake, kisha ikaingia kwa jirani imechelewa. Nilipochanganya, kilele cha wimbi kikakutana na bonde, sauti zikafutana, ikabaki ndoo.

Kesho yake niling'oa nne. Nikaziba sikio moja, nikatembea mbele yao wakipiga. Hatua moja mbele, fidla ya kwanza inawameza wenzake. Mbili nyuma, unarekodi kuta. Nilipopapata, nikasimamisha stendi hapo, juu kuliko kichwa changu: kadioidi mbili, yaani maiki zinazosikia zaidi mbele kuliko nyuma, kwa mtindo wa redio ya Ufaransa, ORTF, sentimita 17 kati yake, pembe nyuzi 110. Chelo ilikuwa bado hafifu. Nikaongeza maiki? Nilisogeza kiti chake!

Najua, mtasema mteja anataka kusikia kila chombo peke yake. Ukikaa barazani na wazee wanne, unapeleka sikio kinywani mwa kila mmoja? Na usiniambie utarekebisha kwenye kompyuta. Kilichofutana kimefutana.

Kuna pia njia ya Blumlein, Mwingereza aliyeombea hataza tangu 1931: maiki mbili za umbo la nane, zimepishana nyuzi 90. Tamu, lakini zinasikia na nyuma, kwa hiyo chumba kibaya kitakuumbua. Maiki zinazosikia pande zote, zikiwekwa mbali mbali… naona naonyeshwa saa. Hizo zina besi nzuri, ila zitakuletea na jenereta la jirani. Basi.

Swali la bei za maiki sijibu. Wapigaji wameshakaa pale. Mwenye rula aje mbele, na huyo aliye karibu na swichi, feni bado.