Siku 15 za Barua: Mhadhara kwa Wachezaji wa Mtwara

Ndugu wachezaji, wazazi na viongozi wa timu, karibuni.

Huku kwetu kusini mkulima akishapimiwa korosho zake haondoki bila stakabadhi. Lakini mtoto wa mkulima huyohuyo akisajiliwa na klabu anaweka saini, anapigwa picha na jezi, anaondoka mikono mitupu. Nakala "italetwa". Mgogoro ukizuka, mkataba anao mdaiwa peke yake.

Basi usiinuke kitini bila nakala yenye saini zote na tarehe. Kiwanja, pikipiki, fedha ya usajili: kama kiongozi ametamka, iandikwe humo, kiasi gani na italipwa lini. Vipimo vya afya vifanyike kabla ya saini, kwa sababu kifungu cha 18 cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji hakikubali uhalali wa mkataba utegemee vipimo. Na mzazi, kama mwanao hajafika miaka 18, asifungwe zaidi ya miaka mitatu.

Sasa mishahara, maana kesi nyingi huharibikia hapa. Tangu 2018 kanuni hizo zina kifungu cha 14bis: klabu ikishindwa kukulipa angalau mishahara ya miezi miwili kwa tarehe zake, unaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali, bila kuhesabiwa mkosaji. Ila kwanza uiandikie barua ya kudai na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe yote.

Barua yenyewe ni ukurasa mmoja. Taja mkataba na tarehe yake, miezi unayodai na jumla. Kama ni Agosti na Septemba, kwa 800,000 kila mwezi, andika Sh1,600,000. Usiandike "mishahara yangu". Taja akaunti ya kulipia na siku ya mwisho. Peleka ofisini, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa; wakikataa kugonga, itume pia kwa barua pepe ya klabu. Hesabu siku kuanzia ilipopokelewa.

Katika siku hizo 15, nenda mazoezini. Hapa ndipo vijana wanapojimaliza: mshahara umechelewa mwezi mmoja, amepanda basi kurudi Masasi. Klabu inaandika barua ya utoro, na mdai anageuka mkosaji. Ukizuiwa getini, mtumie meneja ujumbe papo hapo: "Nimefika saa 10 jioni, nimezuiwa kuingia." Jumbe hizo zihifadhi mahali pengine pia. Simu ikitumbukia maji pale Shangani, ushahidi umekwenda nayo.

Kuvunja kwa kulipa nako kuna mtego. Desemba 2022 kiungo Feisal Salum aliiwekea klabu yake, Yanga, Sh112 milioni kwenye akaunti, akahesabu mkataba umekwisha. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Alikaa nje hadi katikati ya mwaka, klabu zilipoelewana akaenda Azam. Fedha peke yake haivunji mkataba. Tafuta kwanza kifungu kinachokuruhusu, kinasema kiasi gani na wakati gani. Kama hakipo, mnazungumza. Kwa kiungo wa kiwango kile, nusu msimu nje ya uwanja ni hasara kubwa kuliko dau lenyewe.

Shauri unalipeleka wapi? Mchezaji wa kigeni mwenye mgogoro na klabu ya hapa anaweza kwenda FIFA, ndani ya miaka miwili tangu tukio. Rufaa huenda CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo iliyoko Lausanne, Uswisi, na siku ni 21 tu baada ya kupokea uamuzi wenye sababu. Mtanzania dhidi ya klabu ya Tanzania huanzia kwenye kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji, kwa kanuni za TFF. Zisome, usidhani 14bis ya FIFA inatumika humo vilevile ilivyo.

Mkataba wa mchezaji ni ajira pia, kwa hiyo ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi mikoani. Chagua njia moja. Shauri moja ukilifungua pawili, litakwama kote. Ukiachishwa, CMA inakupa siku 30 kufungua mgogoro. Madai mengine, siku 60. Fomu ni CMA F.1, na nakala yake lazima uipeleke klabuni kwanza, upate uthibitisho kwamba wameipokea. Ukichelewa, unaambatanisha F.2 kueleza kwa nini, na "kiongozi aliniambia nisubiri" ni sababu dhaifu sana mezani pale.