Ukisoma uchumi, utafanya kazi benki? Jibu langu kutoka Leeds

Haya, nyumbani mko salama? Busia, Malaba, Tororo, na nyinyi wa Kampala mnaojifanya hamjui Kiswahili. Mnivumilie na huu upepo, niko kituo cha basi hapa Leeds, Uingereza, na basi lenyewe limechelewa.

Kuna kijana wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, ameniuliza: "Kaka, nikisoma uchumi chuo kikuu nitapata kazi benki?" Nitakujibu mdogo wangu, ila nianzie mbali kidogo.

Mwalimu wangu wa kwanza wa uchumi ni shangazi yangu, mbadilisha pesa pale Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Kiti cha plastiki, mkoba kiunoni, kikokotoo kimefungwa raba kisije kikafunguka mgongo. Alikuwa anahesabu malori. Wanunuzi wa mahindi wakipungua kutoka Kenya, anajua shilingi yao itaadimika, basi anaipandisha bei mapema, wenzake bado wanakunywa chai. Hakuna aliyemfundisha.

Mimi nikaenda shule nikachukua HEG, yaani historia, uchumi na jiografia. Uchumi wa A-level mnaujua wenyewe: taja faida, taja hasara, kariri hoja kumi, chukua A yako. Nikaingia chuo kikuu nikijiona profesa. Mtihani wa kwanza wa hisabati nikapata 34. Si kati ya hamsini, kati ya mia! Ubao mzima kalkulasi, nami nimekaa na hoja zangu kumi kichwani hazina pa kwenda.

Kwa hiyo kama bado una nafasi ya kuchagua, beba hesabu. MEG (hesabu, uchumi, jiografia), PEM (fizikia, uchumi, hesabu), yoyote yenye hesabu ndani. Hata kama umeshapita hapo, tafuta mtu akufundishe takwimu likizoni. Huku hakuna aliyewahi kuniuliza hasara za ukoloni. Wanauliza: data hii unaweza kuichambua?

Tasnifu yangu ya uzamili niliandika kuhusu mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, siku chache baadaye wakafungua kwa masharti. Nikakaa na bei za sokoni miezi kadhaa, kompyuta inanguruma, nikitafuta zuio lile lilimgusa nani zaidi. Unajua nilichogundua? Kwamba nafanya kazi ya shangazi, tofauti ni kwamba yangu ina grafu.

Sasa hiyo kazi. Benki zipo, ndiyo, lakini dirishani pale kaunta huhitaji miaka mitatu ya uchumi. Angalia UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, wanaohesabu mfumuko wa bei, angalia Wizara ya Fedha, URA wakusanya kodi, kituo cha utafiti wa sera za uchumi EPRC pale Chuo Kikuu cha Makerere, kampuni za bima. Mimi nakadiria madai ya bima. Haina mbwembwe, inalipa kodi ya nyumba.

Na kuna Benki Kuu. Marehemu Tumusiime-Mutebile alikuwa kiongozi wa wanafunzi Makerere. 1972 akampinga Rais Idi Amin hadharani kwa kuwafukuza Waasia, ikabidi akimbie, akaja kumalizia digrii hukuhuku Uingereza, Durham. Akarudi, akawa gavana kuanzia 2001 mpaka alipofariki Januari 2022. Mwaka 2011 bei zilipopanda kwa asilimia 30 hivi, riba ya Benki Kuu ilifikishwa asilimia 23, mikopo ikawa ghali. Januari iliyofuata wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa hasira. Mwaka haukuisha, bei zikatulia. Mwenye mkopo wakati ule hawezi kumsifu, na simlaumu.

Kuhusu kuja huku: usiuze shamba la mzee. Shahada ya kwanza isome hapo nyumbani, halafu jaribu ufadhili wa uzamili. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, wanataka uwe umefanya kazi miaka miwili, na ukimaliza urudi kwenu kwa miaka miwili. Uzamili wenyewe ni mwaka mmoja, unapita kama boda.

Basi hilo linakuja. Kabla sijapanda: juzi nilimtumia shangazi hela kidogo. Akanipigia, hata salamu hakunipa. "Umebadilisha pauni kwa ngapi?" Nikamtajia. Kimya. Halafu nikasikia vile vitufe vya kikokotoo, ti, ti, ti.

"Mwanangu," akasema, "wamekupunja."