Tundu la Tofali na Moshi wa Udi

Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo.

Tofali hili la inchi sita nimelinunua kwa mfyatuaji wa mtaani kwetu. Lina matundu mawili makubwa, na kila anayeliuza husema matundu yanapooza nyumba. Ni kweli, ila ni kweli nusu.

Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida mno: wati 0.026 kwa mita kwa kila digrii. Zege zito hupitisha kama 1.4, zaidi ya mara 50. Kwa hesabu hiyo utadhani tundu likizidi upana, nyumba itazidi kupoa. Sivyo.

Sogeeni mtazame. Tofali hili la pili nimelikata kichwa nikaziba kwa kioo. Upande huu umekaa na jiko la mkaa nusu saa, ule umefunikwa gunia bichi. Naingiza moshi wa udi. Mnaona? Unapanda ukiambaa upande wa moto, unafika juu, unageuka, unashuka upande wa baridi. Hautulii hata kidogo! Hewa hiyo inabeba joto kama makuli wanavyopakua jahazi, mmoja anakwenda, mwingine anarudi.

Tena kuna ambalo moshi hauwezi kutuonyesha. Uso wenye moto huumulika uso wa pili kwa miale, vile mnavyohisi jiko usoni bila kuligusa. Ndani ya tundu la zege njia hii huchukua zaidi ya nusu ya joto. Jumlisha zote: tundu la sentimita 8 hupitisha kana kwamba limejaa kitu cha 0.44, mara 17 ya hewa iliyotulia. Ukishavuka sentimita mbili na nusu hivi, kulipanua hakukusaidii.

Halafu hizi mbavu, zege linalotenga tundu na tundu. Kwenye tofali hili ni kama asilimia 30 tu ya uso, lakini nimepiga hesabu nikakuta karibu nusu ya joto lote linapita humo. Ni daraja. Ndiyo maana Ujerumani matofali ya kuchoma hutobolewa vitundu vingi vyembamba, safu baada ya safu, mbavu zikipishana ili joto lizunguke njia ndefu. Mengine hujazwa perlaiti, yaani chembe nyepesi za mwamba wa volkano ulioumuliwa kwa moto.

Tunaofyatua kwa mashine ya mkono tunaweza kuanza na safu mbili za matundu zinazopishana. Ni suala la kalibu tu. Na nawasihi, msijaze zege kwenye matundu ila pale panapopita nondo. Aliyekwisha kujenga aupake chokaa nyeupe ukuta wa magharibi, kwani huo ndio unaopigwa na jua la alasiri na kututemea joto usiku.

Sasa lipitisheni tofali. Weka kiganja upande usio na jiko, kwanza katikati ya tundu, kisha juu ya ubavu. Mwenzako asikuambie, sikia mwenyewe palipo na moto zaidi.