Nani Aliyepiga Hapa?

MWANAISHA: Hamjambo wasikizaji wetu. Tuko Mombasa, na madirisha tumeyafunga kwa sababu ya tuktuk. Mimi Mwanaisha, na huyu ni kakangu Khamisi, mpiga besi, ambaye leo kaja na santuri kwapani.

KHAMISI: Ya marehemu babangu, ya taarabu, ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Hebu nisomee lebo.

MWANAISHA: Jina la mwimbaji, la kikundi, la wimbo, na nambari. Basi.

KHAMISI: Sasa wimbo huu ukianza, mwimbaji humsikii kwanza. Wasikia taishokoto. Ndiyo inayokufanya useme "hii ya Mombasa" kabla neno halijatamkwa. Aliyeipiga yu wapi kwenye karatasi hiyo?

MWANAISHA: Hayupo. Waeleze wasioijua taishokoto.

KHAMISI: Ni chombo cha Kijapani. Alikibuni Goro Morita, mji wa Nagoya, mwaka 1912. Kina nyuzi na vibonyezo kama vya taipureta: mkono wa kushoto wabonyeza, wa kulia wapiga nyuzi. Huku kwetu wapigaji walikitia umeme, kikapata ile sauti kali inayopanda juu ya dumbaki na tabla. Twalijua jina la Mjapani aliyekibuni zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hatumjui aliyekipiga papa hapa mjini babangu akiwa kijana!

MWANAISHA: Lakini Zein l'Abdin wa taarabu twamjua, naye alikuwa mpiga udi.

KHAMISI: Alikuwa akiimba pia, na kikundi kilikuwa chake. Mimi namsema yule aliyeitwa asubuhi, akapiga nyimbo sita, akatiwa pesa mkononi, akaenda zake feri.

MWANAISHA: Kama wewe.

KHAMISI: Kama mimi. Kuna kibao kimoja, harusi ngapi za hapa kimepigwa! Besi ni yangu. Ule mwanzo wake niliubuni pale pale studioni, mwenye wimbo alikuwa hana mwanzo. Kanda ilipotoka niliinunua kwa pesa zangu, nikaifungua ningali mlangoni mwa duka. Wameandika mpaka aliyepiga picha ya jalada. Mimi simo. Iliniuma, dadangu, na bado yaniuma.

MWANAISHA: Ulimuuliza mwenyewe?

KHAMISI: Akaniambia, "Si nilikulipa?"

MWANAISHA: Hapo ndipo watu wanapochanganya. Ule ni ujira wa siku. Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, yamtambua mpigaji naye kuwa na haki katika kilichorekodiwa, na haki hiyo hudumu miaka 50. Ila utadai vipi mrabaha wa wimbo ambao hakuna karatasi inayosema ulikuwamo?

KHAMISI: Wallahi hata Marekani yaliwakuta. Wapigaji wa Motown, kampuni ya santuri kule Detroit, waitwao The Funk Brothers, miaka ya 60 walipiga vibao vilivyozunguka dunia, na kwenye majalada hawamo. Mpaka 1971, kwenye albamu ya Marvin Gaye, What's Going On, ndipo wakaandikwa. Mpiga besi wao, James Jamerson, mimi nimejifunza kwake kwa masikio tu, kanda narudisha nyuma mpaka inakatika. Alifariki 1983. Rock and Roll Hall of Fame, wale wanaowaenzi wanamuziki, walimwingiza mwaka 2000, yuko kaburini miaka 17.

MWANAISHA: Na vijana wanaorekodi leo Kisauni, Mtwapa, wafanyeje?

KHAMISI: Kabla hujatia gitaa mkobani, andika kwenye simu: wimbo, tarehe, studio, nani kapiga nini. Tuma WhatsApp kwa wote mliokuwamo, na prodyuza ajibu "sawa". Wimbo ukipandishwa mtandaoni pana mahali pa kujaza majina ya wapigaji. Mara nyingi huachwa patupu kwa kuwa anayepandisha hakuwako studioni, na orodha hana. Basi apewe.

MWANAISHA: Siku ile ile.

KHAMISI: Siku ile ile! Ukingoja mwezi, hata wewe mwenyewe utasahau nani alishika tari.

MWANAISHA: Na santuri hii ya mzee?

KHAMISI: Kuna babu mmoja Kibokoni, enzi hizo akipiga dumbaki. Macho yamekwenda, masikio mazima. Asema nimpigie tu, akiusikia mkono atanitajia mwenyewe. Mashine ya santuri nimeazima. Nakwenda Ijumaa baada ya swala.

MWANAISHA: Nipitie twende sote. Wewe weka santuri, mimi niandike.