Viti vya Kanisa la Jirani

ATIENO: Karibuni kipindini, tunarekodi hapa Kisumu. Wafula, umetoka mazishini Luanda ya Vihiga ukanitumia picha ya viti tu. Viti vya nini, ndugu yangu?

WAFULA: Angalia migongo yake. Hivi vimepakwa ACK, yaani Anglikana, kwa rangi nyeupe, hivi ni vya Kanisa la Mungu, na vile vya mwisho ni vya sisi Marafiki, yaani Quakers, fundi kaishiwa na rangi kabla ya herufi ya mwisho. Na marehemu alikuwa Mkatoliki.

ATIENO: Basi huo ndio umoja. Ule wa karatasi waachie maaskofu.

WAFULA: Polepole, dada. Karatasi yenyewe ina mizizi hapo hapo. Marafiki walifika Kaimosi 1902, Kima kule Bunyore baadaye ikawa ya Kanisa la Mungu, na 1906 CMS, wamisheni wa Kianglikana, wakafungua Maseno. Wamisheni wakagawana maeneo ili mtu asivune shamba la mwenzake.

ATIENO: Ndiyo maana wazee wetu, ukishajua kijiji cha mtu, ulijua na anakosali.

WAFULA: Sasa yule J. J. Willis wa Maseno akawa Askofu wa Uganda 1912. Juni 1913 akaongoza mkutano kule Kikuyu: Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wamisheni wa Africa Inland Mission, wakitaka kuunda shirikisho. Mwishoni wakashiriki Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Waskoti, yaani la Wapresbiteri, Askofu Peel wa Mombasa akiiongoza.

ATIENO: Moto ukawaka.

WAFULA: Tena uliwashwa na Mwanglikana mwenzao! Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, akawashtaki Willis na Peel kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa ni wazushi. Eti kwa sababu ya mkate.

ATIENO: Hapo umenigusa. Kwetu Wakatoliki Ekaristi si kipande cha mkate, na mimi Weston simcheki. Kama hatukubaliani kitu chenyewe ni nini, tutakishirikije?

WAFULA: Sisi Marafiki hatuna meza hiyo kabisa, wala ubatizo wa maji. Mimi nikae wapi?

ATIENO: Kwenye foleni ya chakula, kama kawaida yako. (Kicheko)

WAFULA: Haya. Lakini ona: shirikisho lilikwama, ukaja muungano wa mashirika ya wamisheni wa 1918, na matunda yake ni Alliance High School, 1926. Ya meza waliyaacha, shule wakaijenga.

ATIENO: Hapo tuko pamoja. Ndiyo maana kamati za umoja hunichosha: chai, maazimio, picha ya pamoja. Huku mama wa CWA, chama cha akina mama Wakatoliki, anajua sufuria kubwa iko kwa mama yupi wa Mothers' Union ya Waanglikana, na ina nyufa upande gani.

WAFULA: Tatizo ni Jumamosi. Huku watu hutoka Nairobi Ijumaa usiku, mazishi ni kesho yake. Msabato hazikwi Jumamosi.

ATIENO: Kwetu tuliwahi kuwa na msiba wa hivyo, nusu ya ukoo ni Wasabato. Ikaamuliwa Ijumaa, kaburi lifunikwe kabla ya jua kutua, Sabato isije ikaingia. Wa Nairobi wakanung'unika lakini wakaomba ruhusa kazini. Mara tukasikia ngoma barabarani: African Israel Church Nineveh, kanzu nyeupe, bendera mbele.

WAFULA: Walikuwa kwenye programu?

ATIENO: Wapi! Lakini marehemu aliwasomeshea watoto wao, utawazuiaje? Mwendesha programu akawapa dakika kumi.

WAFULA: Kumi, Waisraeli?

ATIENO: Walipomaliza, vijana wa ACK wakashika majembe pamoja na wa Kisabato, maana jua lilikuwa linakwenda. Mzee wa kanisa la Wasabato hakukasirika. Aliomba tu kwamba safari nyingine wenye ngoma wawekwe asubuhi.

WAFULA: Na wakakubali?

ATIENO: Walikubali, kwa sharti wapewe na chai.